Mwacheni Afunge Vifungo Mwenyewe

Mgonjwa wa kiharusi akisharudi nyumbani kutoka hospitali, zawadi ya kwanza anayoletewa huwa ni mpira wa kuminya. Anayeuleta ana nia njema. Mgonjwa naye hukaa nao barazani kutwa, anaminya, anapumzika, anaminya, na kila anayekuja kumjulia hali anamsifu kwa bidii. Baada ya miezi kadhaa ngumi ina nguvu kweli, lakini kikombe cha chai bado hakishikiki. Ukimwekea kiganjani atakikamata. Kukifuata pale mezani, kufungua vidole vikizunguke, kisha kukiachia bila kukimwaga, hayo mpira haukumfundisha.

Kwa wengi waliopata kiharusi, kufunga mkono hurudi mapema, na mara nyingine hurudi kwa ukali, hata vidole vikajikunja vyenyewe mtu akipiga miayo au akijikaza kusimama. Kinachochelewa ni kufungua: kunyoosha vidole, kukipeleka kidole gumba mbali na wenzake, kuachia kilichoshikwa. Kama mpira upo nyumbani, si lazima muutupe. Uwe wa dakika chache tu, na muda mwingine wote uende kwenye kazi zinazoudai mkono ufunguke.

Mkono wenyewe hauna ugonjwa. Mifupa ni ile ile na misuli ni ile ile. Palipoharibika ni kule ubongoni zinakotoka amri, baada ya mshipa wa damu kuziba au kupasuka. Nyuzi nyingi zinazobeba amri hizo huvuka kwenda upande wa pili zinapoteremka kuelekea uti wa mgongo, ndiyo maana aliyeumia ubongo upande wa kushoto hulemaa mkono wa kulia. Mguu mara nyingi hutangulia kupata nafuu. Mtu anaanza kujikongoja na fimbo huku mkono ukining'inia, na hapo familia huusamehe mkono: angalau anatembea, wanasema.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Pedro Bach-y-Rita, mshairi mwenye asili ya Katalunya aliyekuwa akifundisha chuoni New York, alipata kiharusi akiwa na miaka 65. Upande mmoja ulipooza na kauli ikapotea. Mazoezi ya wiki chache hospitalini hayakuleta la maana. Mwanawe George, wakati huo mwanafunzi wa udaktari nchini Mexico, akamchukua akae naye. Kijana hakuwa na ujuzi wowote wa tiba ya viungo, na pengine hiyo ndiyo iliyokuwa bahati ya mzee. Alimwanzisha kama mtoto mchanga. Alimtambaza, kwanza ndani huku bega likiegemea ukuta, kisha nje kwenye bustani. Alimchezesha gololi sakafuni. Alitawanya sarafu ili aziokote kwa mkono ule ule mbovu. Wakati wa kuosha vyombo alimpa sufuria azisugue kwa kuzungusha mkono, dakika 15 upande mmoja na dakika 15 upande wa pili. Majirani walinung'unika kuona profesa mzima anatambaa uani. Baadaye mzee alirudi kwenye mashine yake ya taipu: mwanzo aliuangusha mkono wote ili kidole cha kati kigonge kitufe, kisha akaongoza kwa kifundo cha mkono, mwisho kidole kimoja kimoja. Alirudi kufundisha. Alipofariki miaka kadhaa baadaye, kwa ugonjwa wa moyo akiwa milimani huko Kolombia, uchunguzi wa ubongo wake ulionyesha kwamba uharibifu wa kiharusi ulikuwa mkubwa na haukuwa umepona. Sehemu zilizobaki zilikuwa zimejifunza kazi ya zile zilizokufa.

Si kila mtu atafika alikofika Pedro, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Ukubwa wa jeraha, mahali lilipo, umri na magonjwa mengine vina usemi wao. Lakini mazoezi yale hayakuhitaji mashine. Yalihitaji sakafu, sarafu, sufuria, na mtoto aliyekubali kuitwa katili na majirani.

Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake nchini Marekani walieleza walichokiona kwa kima waliojeruhiwa sehemu ndogo ya ubongo inayoongoza mkono. Waliofanyishwa kazi ya kuchokoa vipande vya chakula kwenye vishimo vidogo, eneo la ubongo linalotawala vidole halikupungua zaidi, na kwa baadhi yao lilijitanua hadi pale palipokuwa pakitawala kiwiko na bega. Walioachwa bila kazi hiyo walipoteza hata sehemu ya ubongo iliyokuwa imesalimika pembeni mwa jeraha. Mkono usiotumiwa, basi, haubaki pale ulipo. Unarudi nyuma.

Na hapo ndipo huruma yetu inapoharibu. Kwetu mzee akiugua hasogezi hata glasi. Mjukuu anamnywesha, binti anamlisha, mke anamfungia vifungo vya shati kabla hajajaribu. Akiuelekeza mkono wake mbovu kwenye kijiko, watu watatu wameshakishika. Tunafanya hivyo kwa adabu, na kwa sababu inaumiza kumtazama baba aliyekulea akihangaika na kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza anakiweza. Mgonjwa naye anajifunza upesi: akitumia mkono mbovu anashindwa na watu wanasikitika, akitumia mzima au akinyamaza mambo yanakwenda. Mtafiti wa Marekani Edward Taub aliliona jambo hili kwa wanyama kwanza, kisha kwa watu. Uwezo unaweza kuwa umerudi kiasi, lakini mwenyewe hajui, kwa sababu alishaacha kujaribu.

Kwa hiyo wekeni sharti moja ndani ya nyumba. Anapojaribu jambo lisilo na hatari, hesabuni polepole moyoni hadi 30 kabla ya mtu kunyanyuka. Akikwama, msaidieni pale tu alipokwama. Kama ni kifungo, mshike ukingo wa shati ili asukume mwenyewe. Kama ni kijiko, mwinulieni kiwiko, mkono uende wenyewe. Wageni waambiwe mapema, hasa wale shangazi na wajomba wanaokuja na machozi.

Kabla ya yote, mtaalamu amwone. Katika hospitali kubwa kuna fiziotherapia, na nyingine zina wataalamu wa tiba kwa vitendo, ambao kazi yao hasa ni kumrudisha mtu kwenye shughuli zake za kila siku. Hata mkimpata mara moja tu kwa mwezi, mwendeeni na maswali. Vidonge vya presha visiachwe kwa sababu mgonjwa "anajisikia vizuri". Uso ukipinda ghafla, ulimi ukawa mzito, au upande ukaishiwa nguvu upya, msisubiri hadi asubuhi wala msimwite mtu wa kupunga: kimbilieni hospitali.

Bega nalo lina mambo yake. Misuli inayolishikilia ikiwa imelegea, mkono ukivutwa kumwinua mtu kitandani bega huteguka kidogo kidogo, likaanza kuuma, na mkono unaouma haufanyi mazoezi. Mwinueni kwa kumshika kiunoni na mgongoni, kamwe msimshike kwapani. Akikaa, mkono uegemee mto au meza. Ipo pia ile kamba ya kupitishwa juu ya boriti, mgonjwa akiuvuta mkono mbovu kwa mkono mzima hadi juu ya kichwa. Imeenea sana na imeumiza mabega mengi. Iondoeni. Tahadhari nyingine ni maji ya moto ya kukanda: mkono wenye ganzi hausikii ukiungua, kwa hiyo maji yapimwe kwa mkono wa mtu mwingine. Na kiganja kikivimba, kikawa chekundu na kuuma hata kwa kuguswa, hiyo ni ya daktari, si ya mafuta ya kuchua.

Sasa kazi. Akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu imekanyaga chini, meza iko usawa wa tumbo. Aanze kwa kuulegeza mkono. Kwa mkono mzima anyooshe vidole vya ule mbovu taratibu, aanze na kidole gumba kwa kukishika karibu na kiganja, kisha vile vinne pamoja, asivute kwenye ncha. Vikilegea, kiganja kilale mezani juu ya kitambaa, naye akisukume kitambaa mbele kana kwamba anafuta meza, akirudishe, akipeleke kushoto na kulia. Hii inaamsha bega na kiwiko, ambavyo visipofanya kazi vidole haviwezi kufika popote. Kisha alaze mkono ukingoni mwa meza, kifundo kining'inie, ajaribu kukiinua kiganja. Kifundo kikiinuka hata kidogo, mshiko wote unaofuata huwa mwepesi zaidi.

Hatua inayofuata ni kushika ili kuachia. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita. Mpelekee mkono kwenye chupa, aishike, aisogeze shibiri moja, aiachie. Kuachia ndiko kunakochukua muda. Atakaza, mkono utatetemeka, kidole gumba kitabaki kimeng'ang'ania. Mwambie asilazimishe: avute pumzi, ainamishe kifundo kuelekea chini kidogo, vidole vitafunguka vyenyewe kwa urahisi zaidi. Kisha arudie. Watafiti waliokwenda kuhesabu katika vituo vya Marekani na Kanada waliripoti mwaka 2009 kwamba, kwa wastani, mgonjwa alitumia mkono wake mbovu katika kazi yenye maana mara 32 tu kwa kipindi kimoja cha tiba. Wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulionekana kujipanga upya walirudia mamia ya mara kila siku. Hospitali haina muda huo. Nyumba inao.

Mamia ya mara, ukiyahesabu kama mazoezi, yanachosha hata kuyasikia. Yageuze kazi. Mahindi makavu ya kupukuchua yanataka kidole gumba kisukume punje moja moja. Karanga za kuchemsha za kumenya, maharage ya kuchagua mawe, mchele wa kuchambua kwenye ungo, yote haya nyumba inayahitaji hata kama mgonjwa asingekuwepo, na kuyafanya kunamrudishia mtu nafasi yake jikoni. Anza na kikubwa, shuka kwenye kidogo. Vizibo vya soda vinaokotwa kwa urahisi. Vikishakuwa vyepesi, hamia kwenye sarafu, kwanza zikiwa juu ya kitambaa ambacho zinashikika, kisha juu ya meza tupu zinakoteleza. Baadaye maharage, kunde, choroko. Punje ya mchele ni ya mwisho, na anayeiokota kwa ncha za kidole gumba na cha shahada amefika mbali.

Vibanio vya nguo ni zoezi zuri la nguvu za ncha za vidole: avibane ukingoni mwa ndoo, avitoe, avirudishe. Kijiko chembamba kikimshinda, kizungushieni mpini kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka kinenepe. Kalamu vivyo hivyo. Simu ya vitufe, kiswaswadu, inamfaa kuliko simu ya kioo mwanzoni, kwa sababu kitufe kinajibu kidole: aandike majina ya wajukuu, aongeze salio mwenyewe kwa vocha ya kukwangua.

Nina upendeleo wangu, nao ni bao. Ubao una mashimo 32 na kete 64, komwe zikipatikana ni bora zaidi kwa sababu ni laini na za mviringo. Mchezaji anazoa kete za shimo, anazikusanya kiganjani, halafu anazisambaza moja moja. Tazama mkono wa mchezaji mzoefu: kiganja kimefungwa nusu, vidole viwili vya mwisho vimezizuia kete zisianguke, na kidole gumba kinavuta moja kutoka kiganjani hadi kwenye ncha ya kidole cha shahada, kinaidondosha, kinarudi kuchukua nyingine. Huko kuhamisha kitu kutoka kiganjani hadi ncha za vidole, kwa mkono huo huo mmoja, ni miongoni mwa kazi ngumu kuliko zote kwa mkono uliopooza, na hapa mtu anaifanya mara nyingi bila kukumbuka kwamba yuko kwenye mazoezi. Aanze na kete mbili tu mkononi. Wenzake wa barazani wawe na subira, na wasimsambazie.

Tasbihi ni mwalimu mwingine. Anayeleta uradi baada ya swala, 33 mara tatu, anasogeza punje 99. Kwa swala tano inakaribia mara 500 kwa siku, kidole gumba kikisukuma juu ya kidole cha shahada. Kama mkono ulioumia ndio wa kulia, aiweke mapajani ili isimdondoke, aende polepole. Rozari inafanya kazi hiyo hiyo.

Na chakula. Kwa watu wengi wa kwetu, kula kwa mkono wa kushoto mbele za watu ni fedheha hata pale dini inapotambua udhuru wa mgonjwa, na wapo wanaoanza kula peke yao chumbani kwa ajili hiyo. Itumieni hamu hiyo. Mpeni sahani yake yenye ukingo, iwekwe juu ya kitambaa chenye unyevu isiteleze, na ugali uliopoa kidogo. Amege, aviringe, abonyeze katikati kwa kidole gumba apate pa kuchotea mchuzi. Matonge matano ya kwanza ayale kwa mkono wake mbovu, yanayobaki kwa namna yoyote anayoiweza, ili asilale njaa. Nguo na sakafu vitachafuka. Visafisheni bila maneno.

Vifungo navyo vina utaratibu. Msimwanzishe na shati alilovaa. Litandazeni mezani, lile lenye vifungo vikubwa, na aanze kwa kufungua, maana kufungua ni rahisi kuliko kufunga. Kisha afunge: kidole gumba na cha shahada vya mkono mbovu vishike kifungo, vikisukume nusu kwenye tundu, mkono mzima ukidake upande wa pili. Akizoea, wapokezane. Siku za mbele shati likae mapajani, mwisho alivae, na hapo aanze na kifungo cha chini anachokiona. Wakati wa kuvaa, mkono mbovu utangulie kuingia kwenye shati. Wakati wa kuvua, utoke mwisho. Mpeni nusu saa kabla ya safari ya msikitini au kanisani, kwani akiharakishwa mkono hukaza na kazi yote huharibika.

Kwa mkono ambao bado hautikisiki, jaribuni kioo. Kioo cha kawaida cha dukani kisimamishwe mezani katikati ya mikono miwili, mkono mbovu ufichwe nyuma yake, upande unaong'aa uelekee mkono mzima. Mgonjwa akitazama kioo anauona mkono mzima mahali ulipo mbovu. Afungue na kufunga vidole, aguse kidole gumba kwa kila kidole, huku akijaribu kuufanyisha na ule uliofichwa. Daktari Eric Altschuler na wenzake waliandika juu ya njia hii kwa wagonjwa wa kiharusi mwaka 1999, na tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kuwa inasaidia kiasi, hasa ikiongezwa juu ya mazoezi mengine. Robo saa hadi nusu saa kwa siku inatosha. Wengine watacheka na kusema ni kiinimacho.

Aliye na mwendo kidogo, yaani anainua kifundo na kunyoosha kidole gumba na angalau vidole vingine viwili, ana njia nyingine kali: kuufunika mkono mzima. Utafiti ulioongozwa na Steven Wolf, uliochapishwa mwaka 2006, ulihusisha watu 222 waliopata kiharusi kati ya miezi mitatu na tisa nyuma. Kwa wiki mbili baadhi yao walivaa glovu mkono mzima karibu muda wote wakiwa macho, huku wakifanya mazoezi kwa saa nyingi, na nafuu yao ilizidi ya wenzao waliopata huduma ya kawaida, hata mwaka mmoja baadaye. Nyumbani soksi nene inatosha, kwa saa mbili au tatu za asubuhi, si kutwa. Ivuliwe anapotembea na fimbo, anapokwenda chooni, na karibu na moto.

Kama ganzi ndiyo tatizo, mkono utaangusha vitu hata ukiwa na nguvu. Zikeni funguo, kifungo na kizibo kwenye bakuli la mchele mbichi, afumbe macho, avitafute kwa kupapasa na ataje alichoshika.

Afanye vipindi vifupi vya dakika 15 au 20, mara tatu au nne kwa siku, cha kwanza asubuhi akiwa na nguvu. Uchovu wa baada ya kiharusi ni mzito kuliko wa kawaida na hauna uhusiano na uvivu. Siku akikataa kabisa, na ya pili, na ya tatu, huku hali wala hacheki, fikirini sonona, mmweleze daktari. Ni ya kawaida baada ya kiharusi na inatibika. Nafuu ya haraka zaidi huja miezi mitatu ya mwanzo, lakini mwaka ukipita msifunge daftari.

Daftari hilo mlianze siku ya kwanza. Kila Jumapili wekeni mabakuli mawili, moja lina maharage, na mhesabu anahamisha mangapi kwa dakika moja, moja moja, kwa mkono mbovu peke yake. Andikeni tarehe na idadi. Mabadiliko ya mkono ni madogo mno kuonekana kwa macho siku hadi siku, na mtu aliyehamisha maharage manne mwezi uliopita akasoma kwamba leo ni saba hahitaji kubembelezwa kesho. Idadi ikisimama pale pale wiki tatu au nne, msiongeze muda. Badilisheni kazi: maharage yawe choroko, au bakuli la pili lipandishwe kwenye rafu ili bega nalo lifanye kazi, au afanye akiwa amesimama. Kisu, pasi na sufuria ya moto vingoje hadi mtaalamu aseme.